Neno Ambalo Shangazi Hakuwahi Kulisema

9 Februari

Shangazi shikamoo,

Vipi huko, kile kikohozi kilikwisha? Sisi tupo. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, ana miezi sita, mdogo hivi lakini ana sauti kama honi ya lori. Mimi bado niko kwenye kibanda cha kutengeneza simu na bado hakuna aliyenifundisha kitu, naharibu mpaka nielewe. Baba anakusalimu sana. Macho yanamsumbua kidogo.

Nimekupigia mara nne. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Kaka alituletea mtambo wa kulinda nyumba. Ni boksi jeupe la ukubwa wa mkate, lina spika, na vidude vya sumaku unavyobandika kwenye milango. Mlango ukiachana na fremu, boksi linatangaza ni mlango gani. Kusudi ni kwamba Baba akibaki peke yake mchana, mimi nikiwa kazini, ajue nyumba yake inafanya nini. Nikachagua Kiswahili. Nikaenda nikafungua mlango wa nyuma, nimejaa furaha, boksi likasema: "Fungua mlango wa nyuma."

Nikaufunga. "Funga mlango wa nyuma."

Yaani aliyelitafsiri hakujua kwamba kumpa mtu habari na kumpa mtu amri ni vitu viwili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba hakucheka. Alisema, "Nani huyo ananituma kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu?"

Jumanne upepo ulisukuma ule mlango. Boksi likasema fungua mlango wa nyuma. Baba akadhani ni mimi nimerudi bila ufunguo na nimeliagiza boksi limwite. Akaharakisha, akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka. Mkono umevimba lakini haukuvunjika. Kaka alikuja, akaongea kwa ule upole wake unaokata maini. Anatupa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Kama mzee hataweza kukaa peke yake salama, anamchukua kwake na nyumba hii inafungwa. Baba aliinuka. Alikwenda kwenye fremu ya mlango akaipapasa kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Unamjua. Seremala mzima, kila mlango wa hapa ameuchonga yeye.

Wewe ulitangaza stesheni miaka ishirini na sita. Baba husema kuna watu walikosa treni kwa kukusikiliza. Nifundishe jinsi ya kuifanya mashine izungumze na mtu. Au rahisi zaidi, nirekodie sentensi kumi kwenye simu unitumie. Kumi tu, Shangazi.

Mwanao,
Waya


27 Februari

Kwako Waya,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi siku tisa kwa sababu anwani uliiandika kama mtu anayekimbizwa. Mimi sijambo. Kuku wangu wanne sasa ni watatu, na paka wa jirani haniangalii usoni. Mpe hongera kaka yako kwa hiyo honi.

Simu yangu ni mbovu, usiipigie.

Kurekodi sitaweza, na hilo usiniulize tena.

Lakini kutangaza nitakufundisha. Mtu aliye kwenye shughuli zake hana sikio, inabidi umwite kwanza. Ndiyo maana stesheni tulikuwa na kengele. Unaipiga, unahesabu moja, mbili, kimoyomoyo, halafu ndiyo unaanza. Naona mashine yako inaanza na neno lenyewe, kwa hiyo nusu ya neno la kwanza inapotea kabla mtu hajainua kichwa. Kisha taja mahali kabla ya kutaja tukio. Akisikia "mlango wa nyuma" miguu inajua ielekee wapi, ndipo umwambie mlango umefanya nini. Na usimpe mtu amri nyumbani kwake, hata ukiwa na spika kubwa kiasi gani.

Unasema macho yanamsumbua kidogo. Mtu anayesumbuliwa kidogo hajikwai kwenye ndoo yake mwenyewe mchana. Hicho kidogo ni kiasi gani?

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi shikamoo,

Hapa wote wazima, mkono wa Baba umeshuka uvimbe, honi yetu imeota jino. Kuku watatu bado wapo?

Kuhusu macho, Baba amenikataza kabisa kuandika. Kwa hiyo sijaandika.

Nimelifungua boksi. Usiwaambie waliolitengeneza, lakini linafunguka kama kopo la biskuti. Nikatoa maneno yao yote nikaweka yangu, kwa sauti ile ya kompyuta inayosoma chochote unachoiandikia. Kengele nilirekodi kijiko kikigonga glasi, nikahesabu moja, mbili. "Mlango wa nyuma, umefunguliwa." Baba akainua kichwa pale pale kwenye "mlango". Kengele tu hiyo, Shangazi. Nilipiga ile glasi mara hamsini nikimwangalia.

Halafu Alhamisi upepo ukarudi. Nilipofika kutoka kazini nilimkuta Baba amekaa nyuma ya mlango wa chumba chake, nyundo mapajani. Saa tatu nzima amekaa pale.

Akaniuliza, "Nani kafungua?"

"Hakuna mtu Baba, ni upepo."

"Basi ungeiambia iseme umefunguka. Hiyo umefunguliwa ina mtu ndani yake."

Shangazi, nilikaa sakafuni na mkoba wangu begani. Maneno hayo mawili nimeyasema tangu nianze kusema, na sikuwahi kuona kwamba moja lina mtu ndani na jingine halina. Hiyo "liwa" ni mtu. Ndogo hivyo, na imemkalisha mzee na nyundo saa tatu. Nikaanza kuyarudia, umefunguka, umefunguliwa, umefunguka, mpaka Baba akaniuliza kama nimekula.

Kisha akasema, "Ila mlango wangu haufunguki wenyewe. Zile bawaba nilizifunga mimi." Yaani mzee yuko radhi aingiliwe na mwizi kuliko kuambiwa bawaba imelegea.

Sasa nimeongeza vidude vingine vya kuhisi kwenye vitasa, nyuma na mbele. Kitasa kikizunguka kwanza ndipo mlango uachane na fremu, kuna mkono wa mtu, umefunguliwa. Mlango ukiachana na fremu kitasa kikiwa kimetulia, ni upepo, umefunguka. Na mtu akiupiga kwa bega kuuvunja, king'ora kinalia, hapo hatuhitaji sarufi.

Mashine sasa inajua tofauti. Tatizo limebaki sauti. Ile ya kompyuta inasoma kama mtu anayekupa barua ya kufukuzwa kazi. Baba anasikia lakini haiamini, kila ikisema anasimama akitetemeka, liwe la upepo au la mtu.

Najua ulisema nisikuulize tena. Nakuuliza tena.

Waya


18 Aprili

Kwako Waya,

Marahaba. Nimechelewa. Nilikuwa na safari za hospitali, si jambo la kuandikia barua. Kuku ni watatu, nimewajengea mlango.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kanda. Ishike vizuri, ni hiyo moja tu.

Miaka ya mwisho stesheni walileta mashine ya kuunga maneno, ili nisitangaze kitu kile kile kutwa. Walinifungia katika stoo waliyoitandika mablanketi ukutani, nikasoma siku tatu. Si sentensi, maneno matupu. Maneno mia nne na kumi. Treni, namba zote, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, umefungwa, umefunguliwa, imefika, imeondoka, na mengine mengi.

Sikiliza hapa, maana wengi huharibu hapa. Kila neno nimelisema mara tatu. Mara ya kwanza ni la kichwani, linapanda kidogo. Mara ya pili ni la kiunoni, limelala sawa. Mara ya tatu ni la mkiani, linashuka na kutulia. Ukichukua la kichwani ukalipeleka mkiani, msikilizaji atabaki anasubiri jambo ambalo haliji, na mtu anayesubiri hatulii. Nadhani hilo ndilo linalomtetemesha kaka yangu. Mashine yako haijawahi kumwambia kwamba imemaliza.

Shangazi yako


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, halafu samahani, salamu za familia nitaziweka chini, siwezi kusubiri.

Niliazima redio kaseti nikaiweka kwenye meza ya kibandani kati ya simu zilizopasuka vioo. Nikabonyeza. Ukasema "abiria". Mteja aliyekuwa anagombana nami kuhusu betri alinyamaza. Ukasema tena "abiria". Akavua kofia. Ukasema mara ya tatu, ile ya mkiani, na mwanamume mzima akavuta kiti akakaa, kana kwamba treni ndiyo imeshaingia. Tulikusikiliza mpaka ukafika kwenye namba arobaini. Betri akainunua bila maneno.

Niliingiza kanda yote kwenye kompyuta. Sauti yako inaonekana kama milima, na mimi sasa naweza kutambua "namba" kwa macho tu, ina vilima viwili na bonde katikati. Niliunga "mlango wa nyuma" ya kichwani na "umefunguliwa" ya mkiani. Haikuwa maneno yameungwa, Shangazi. Ulikuwa wewe, umesimama jikoni kwetu, unasema jambo ukalimaliza. Mwili ulinisisimka mpaka masikioni.

Baba sijamwambia. Nataka asikie kitu kilichokamilika. Na hakijakamilika kwa sababu ya neno moja. Kwenye mia nne na kumi, "umefunguka" hakuna. Nimeitafuta kanda mara sita. Stesheni kwenu milango haikuwa inafunguka yenyewe, ilikuwa inafunguliwa tu.

Nikajaribu kulichonga. Nikakata "umefungu" kutoka kwenye "umefunguliwa", nikachukua "ka" ya "imeondoka", nikabandika. Lilitoka neno linalochechemea. Kila kitu kipo na si neno.

Upepo hausubiri na mwezi wa sita hausubiri. Azima simu ya jirani, sema neno hilo moja tu. Sekunde moja.

Salamu za familia: wote wazima.

Waya


3 Mei

Kwako Waya,

Marahaba.

Sekunde moja hiyo sina.

Weka kidole kooni. Sema "umefunguliwa" polepole. Utasikia koo linakaza kwenye "li". Sasa sema "umefunguka". Linakaza kwenye "ngu". Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, unafanya hivyo kila siku bila kujua. Ile "ngu" uliyoikata ilikuwa imekaa kivivu, inasubiri "li" ifanye kazi. Huwezi kumwinua aliyelala ukadhani amesimama. Tafuta "ngu" iliyosimama. Ipo kwenye kanda, naikumbuka, lakini ukiitafuta mwenyewe hutaisahau.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi shikamoo,

Nguzo.

Ukiyaunga: "Abiria wa daraja la pili, nguzo ya tatu." Nguzo. Nimekaa nayo siku nne. Nilipitia kila neno nikiwa na kidole kooni, wateja wakiniuliza kama nimemeza kitu. Ndugu, hapana, inakaza kwenye "ndu". Ngumu haimo. Kitunguu haimo, nani atangaze kitunguu stesheni. Nilikuwa nakunywa chai nikawaza watu wanasubiria wapi treni, wanasubiria kwenye nguzo, na kikombe nikakiweka hewani, kikaanguka.

"Umefu" kutoka kwenye "umefunguliwa". "Ngu" kutoka kwenye "nguzo", ile ya mkiani. "Ka" kutoka kwenye "imeondoka". Nikasogeza kingo mpaka milima ikashikana mikono. Nikabonyeza.

Umefunguka.

Ulilisema, Shangazi. Kwa mdomo wako, kwa pumzi yako, bila haraka, ukalimaliza. Neno ambalo hujawahi kulisema kwenye ile stoo, na limetoka pale. Nililicheza, nikatoka nje nikatembea mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi nikalicheza tena kuona kama bado lipo. Lilikuwepo. Sijui nimwambie nani. Nakwambia wewe.

Jioni nikaliweka kwenye boksi na kulegeza mlango wa nyuma. Baba alikuwa anamenya viazi. Kengele. Moja, mbili. "Mlango wa nyuma umefunguka."

Kisu kilisimama. Baba hakugeuka. Kisha akasema, "Kabla ya neno mlango amevuta pumzi kwa pua. Anavuta hivyo tangu ana miaka minne." Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikamwambia uko kwenye kanda. Akasema, "Mdogo wangu hawezi kuacha simu inaita asipokee. Akiwa mtoto alikuwa anapokea hata simu za jirani. Kuna kitu hakisemi." Nikamwambia, na wewe je. Akamenya kiazi kizima, halafu akasema niandike: "Sioni tena. Tangu mwaka juzi. Naona dirisha kama doa jeupe, basi. Sikutaka ajue kwa sababu angeacha nyumba yake aje kunishika mkono."

Nimeandika kama alivyosema. Neno kwa neno.

Waya


4 Juni

Shangazi shikamoo,

Hujajibu, wiki ya nne sasa. Sikulaumu, nakupa habari.

Kaka alikuja Jumapili kushinda nasi kutwa nzima, na mimi nikajua hiyo ndiyo siku ya hukumu. Alikaa sebuleni mikono kifuani. Baba alikuwa chumbani kwake. Mchana upepo ukaja, sikuugusa mlango, naapa. Kengele. "Mlango wa nyuma umefunguka." Kaka akaruka kwenye kiti. Baba akatoka chumbani taratibu, mkono mmoja ukutani, akapita kando ya ndoo, akaufikia mlango, akaufunga. Kisha akapapasa bawaba ya juu.

"Imelegea," akasema. "Huyu anasema kweli, mlango wangu unafunguka. Lete bisibisi."

Kaka ndiye aliyeleta. Alishika mlango huku Baba akikaza skrubu kwa vidole, na katikati ya kazi Kaka akauliza, "Hii si sauti ya Shangazi?" Baba akamwambia ashike mlango vizuri. Alipoondoka alisema mzee abaki, na kwamba mimi niangalie ndoo isikae njiani. Hiyo ndiyo hukumu yote. Ndoo.

Ile bawaba sasa imekaza, kwa hiyo neno letu halina kazi tena, upepo hauwezi. Baba wakati mwingine huniomba nilegeze skrubu moja. Anasema ni kwa ajili ya majaribio.

Kwenye kifurushi kuna kiboksi nilichokitengeneza kwa spika ya simu mbovu. Kina kitufe kimoja. Bonyeza.

Sitakuuliza kitu tena. Kidole kooni nimekiweka muda mrefu, Shangazi, na nimefikiri.

Waya


19 Juni

Kwako Waya,

Marahaba mwanangu. Kuku ni watatu. Honi ameota meno mangapi sasa?

Nilikibonyeza kile kitufe mara moja, nikakiacha mezani, nikatoka uani. Nilikaa huko mpaka chai ikapoa. Nikarudi nikabonyeza tena.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilipasuliwa koo kuondoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Nikifungua mdomo inatoka hewa tu. Kuku wamezoea, watu bado. Sikumwandikia kaka yangu kwa sababu ile aliyoisema yeye, neno kwa neno, mpaka nikacheka nikiisoma. Kicheko changu pia ni hewa, lakini kilikuwepo.

Nilikuwa nimejiambia kwamba maneno yangu yote nimeshayasema, yapo mia nne na kumi na hakuna jingine linalokuja. Sasa nina mia nne na kumi na moja. Sijui mtu humshukuruje mtu kwa neno. Nimekaa na kalamu siku kadhaa nikitafuta, ndiyo maana nimechelewa.

Usimwambie. Jumamosi tarehe 28 nitakuwa hapo saa nne asubuhi. Mlango wa mbele uache bila ufunguo, na yeye awe sebuleni. Hodi siwezi kupiga. Nitashika kitasa nikizungushe polepole mpaka mwisho, ndipo nisukume, nisije nikajitangaza kama upepo.

Shangazi yako